Probayotiki: nani zinamfaa, nani zinamdhuru

Hizi probayotiki ni kitu gani?
Ni bakteria au hamira walio hai, wanaomezwa kwa wingi wa kutosha kuufaa mwili. Shika neno "hai". Kopo lililokaa juani dirishani mwa duka lina bakteria wengi waliokwisha kufa. Soma lebo: iandike jina kamili la aina, idadi kwa mabilioni na tarehe ya mwisho. Ikisema nyuzi 2 hadi 8, hiyo ni ya friji. Baridi ya Makete, huko milimani Njombe, haitoshi kuitegemea.

Nimeandikiwa antibayotiki. Zitanisaidia?
Hapa ndipo ushahidi ulipo mzuri zaidi. Antibayotiki huua na bakteria wema wa utumbo, ndiyo maana wengine huharisha. Lactobacillus rhamnosus GG na Saccharomyces boulardii hupunguza hatari hiyo. Anza ndani ya siku mbili za kwanza. Lactobacillus ni bakteria: mwachanishe na antibayotiki kwa saa mbili, la sivyo dawa itamuua. Boulardii ni hamira, antibayotiki haimgusi, ila dawa ya fangasi kama flukonazoli humuua. Usikorogee kwenye uji wa moto. Gesi tumboni siku za mwanzo ni kawaida.

Mtoto anaharisha, nimpe?
Kwanza ORS (maji ya chumvi na sukari ya pakiti) na zinki. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Kinachoua ni upungufu wa maji, na probayotiki hairudishi maji.

Nani asitumie?
Mtoto njiti, mgonjwa mahututi aliye ICU, anayepata dawa za saratani, mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, na yeyote ambaye kinga yake imeshuka sana. Kwao vijidudu hivi huweza kupenya hadi kwenye damu. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kifo cha mtoto njiti aliyepewa. Kama unatumia ARV, waulize kwanza CTC, kliniki yako ya VVU. Homa na kutetemeka baada ya kuanza: acha, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtindi wa nyumbani je?
Ni chakula kizuri, na kwa mtu mzima mwenye afya tungeanza nao kabla ya kopo la bei. Hauna kipimo cha kapsuli, basi usiutegemee kama dawa. Chemsha maziwa, maana mabichi huleta brusela, ugonjwa wa homa utokao kwa mifugo. Yaache yapoe hadi kidole kivumilie kuhesabu kumi, kisha tia vijiko viwili vya mtindi kwa lita. Ukitia yangali moto, chachu hufa na maziwa hayagandi. Mwezi wa sita na wa saba, Mbeya na Njombe, sufuria ikikaa wazi usiku kucha maziwa huamka vilevile. Ifunge kwa blanketi, karibu na jiko lililozimwa. Yakitoa ukungu au rangi ya waridi, mwaga yote, usikwangue juu tu.