Harufu Imekwisha, Sumu Bado Imo

Wiki hii mama wa tatu ameketi barazani kwangu hapa Masasi na mfuko wa mizizi mikavu ya mteyu, akanieleza kwa kujiamini kwamba sasa inanyweka kwa kuwa harufu imekwisha. "Mzee, si harufu ndiyo sumu yenyewe?" Hapana, mama, na nimechoka kulijibu swali hili kwa upole.

Mteyu, ambao wataalamu wa mimea huuita Securidaca longepedunculata, ni mti wa miombo wenye maua ya zambarau na mbegu yenye bawa. Mzizi wake mbichi ukikwanguliwa kwa kisu hunukia kama dawa ya kuchua ya dukani, kwa sababu harufu zote mbili hutokana na methili salisileti, jamaa ya aspirini. Wazee walichulia viungo vinavyouma, na hapo sina ugomvi na mtu, ingawa hata hiyo methili salisileti si ya mchezo: kijiko kimoja cha chai cha mafuta yake safi chaweza kumwua mtoto.

Harufu huruka. Ukiuanika mzizi juani au ukiuchemsha, harufu huondoka na mvuke, pua ikatulia na mtu akadhani amesalimika, ilhali ndani zimebaki saponini, sumu zinazotoa povu majini, ambazo hazinuki wala haziruki, na ambazo kuchemsha kunazihamishia tu kwenye maji utakayoyanywa. Mwenye shaka na atie unga wa mzizi mkavu kwenye chupa ya maji, aitikise: povu litasimama kama la sabuni. Wapo waliokunywa wakaishia kutapika na kuharisha, na wapo waliozikwa.

Nimesajiliwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, lakini cheti hakinipi mizani ya kupimia nguvu ya mzizi, na mizizi ya miti miwili iliyosimama jirani haiwi na nguvu sawa. Kwa hiyo mteyu wa kunywa sitoi. Wa kunusa kwa maumivu ya kichwa hutoa, unga wa ncha ya kidole, japo nakiri nashuku kwamba chafya zenyewe ndizo zinazomsahaulisha mgonjwa kichwa chake.

Mama yule nilimtikisia chupa mbele ya macho yake. Aliliangalia povu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama basi anaweza kuyaoga maji hayo.