Ozoni Haisomi Namba za Magari

Ujumbe umekuja tena. Safari hii umetoka kwa mama wa watoto wawili aliyehamia Mexico City kutoka Nairobi: "Dada, leo magari mengi yamezuiwa na anga ni buluu tupu. Mbona shule imewakataza watoto kutoka nje saa ya mapumziko?" Kila Machi ikifika naulizwa hivi, na wanaouliza si wazembe. Ni wazazi waliopakua programu ya hewa kwenye simu kabla hata hawajapata nyumba. Kazi yangu ni vipimo vya hewa na mimi mwenyewe nalea hapa hapa, kwa hiyo naandika mara moja ili mwakani niwe natuma kiungo tu.

Shule imefanya sawa. Magari yamezuiwa kwa sababu hewa ni mbaya. Kuzuiwa kwa magari si cheti kwamba hewa imeshapona. Na hilo anga la buluu, mama, ndilo lenye matatizo.

Utaratibu wa magari nitaupitia haraka, maana jirani yeyote atakueleza. Hoy No Circula ("leo haitembei"), marufuku ya magari ya jiji hili, ilianza Novemba 1989. Gari hulala nyumbani siku moja ya wiki kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba yake: 5 na 6 Jumatatu, 7 na 8 Jumanne, 3 na 4 Jumatano, 1 na 2 Alhamisi, 9 na 0 Ijumaa, tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Ukaguzi wa moshi ndio unaokupa stika. Gari lenye stika ya 0 au 00, zile za magari safi zaidi, hutembea kila siku, ya 1 hupumzika siku yake pamoja na Jumamosi mbili za mwezi, ya 2 hupumzika na Jumamosi zote. Magari ya umeme na mengi ya mseto yamesamehewa. Mnaohamia kutoka Marekani na gari lenu, namba za nje zina vikwazo zaidi, msidhani mmejiokoa. Hewa ikichafuka kupita kiasi hutangazwa contingencia, yaani dharura ya hewa, mara nyingi alasiri, na kesho yake alfajiri hata baadhi ya stika za 0 na 00 huzuiwa, kwa hiyo panga usiku ule ule nani atampeleka mtoto shule. Mgonjwa wa dharura anapelekwa hospitali kwa gari lolote siku yoyote. Usisite.

Sasa kinachoniudhi. Mtu akisikia hewa chafu anaiwazia ile kungu ya kijivu inayoficha milima. Kungu hiyo ni chembechembe ndogo mno zinazoelea hewani, zinazoitwa PM2.5, na ipo, hasa kuanzia Novemba hadi Februari. Lakini tangu katikati ya Februari hadi katikati ya Juni kinachotusumbua zaidi ni ozoni, nayo ni gesi ambayo jicho haliioni. Haitoki kwenye ekzosi ya gari lolote. Inaundwa hewani, oksidi za naitrojeni za injini zikikutana na mivuke ya petroli, rangi, dawa za kusafishia na gesi ya kupikia, kisha jua likazipiga. Hakuna wingu, upepo umelala, jua la utosi: siku ya kupiga picha nzuri, na ndiyo siku ambayo namba za ozoni kwenye mashine zangu zinapanda.

Hapo ndipo hesabu ya "magari nusu, sumu nusu" inapovunjika. Moshi mbichi wa injini una gesi inayoila ozoni papo hapo, ndiyo maana kando ya barabara kuu ozoni huwa chini kuliko kwenye bustani tulivu umbali wa kilomita kadhaa. Ukipunguza oksidi za naitrojeni peke yake na mivuke ukaiacha, katika jiji kama hili ozoni inaweza kubaki pale pale, na wakati mwingine ikapanda. Si nadharia ya darasani. Jumapili magari hupungua sana, ozoni haijali. Aprili na Mei 2020, watu wakiwa wamejifungia kwa sababu ya korona na barabara zikiwa wazi, ozoni bado ilivuka viwango vinavyoruhusiwa. Tena mwaka 1995 wanakemia Donald Blake na Sherwood Rowland walikuwa wameshaonyesha kwamba gesi ya kupikia inayovuja kwenye mitungi na matangi ya juu ya paa inachangia sana ozoni ya jiji hili. Tangi linalovuja halina namba ya kuzuiwa Jumatatu. Ukisikia harufu ya gesi darini, fundi umwite leo.

Je, marufuku haifai kitu? Hapa sisi wenyewe tunabishana. Mwaka 2008 mwanauchumi Lucas Davis alichapisha uchunguzi ambao haukuona dalili kwamba hewa iliboreka kwa ajili ya marufuku. Watu walinunua gari la pili, mara nyingi kuukuu. Mwaka 2017 alirudia kwa marufuku ya Jumamosi, akapata jibu lile lile. Hewa ya jiji hili imekuwa bora mno kuliko ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini sifa nyingi nazipa petroli isiyo na risasi, vichujio vya ekzosi, na kufungwa kwa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Azcapotzalco, Machi 1991. Hata hivyo siwezi kuapa kwamba marufuku ya siku moja ya dharura haisaidii chochote. Huwezi kuiendesha siku ile ile mara mbili, mara na magari, mara bila magari, ukalinganisha.

Kosa la pili ni la wenye uwezo. Wanakodi nyumba kusini, Pedregal au Tlalpan, kwenye miti mingi, "kwa ajili ya hewa ya watoto". Upepo wa mchana mara nyingi unatoka kaskazini, unausukuma uchafu wote hadi milima ya kusini na kuuegesha hapo, na ozoni inaiva njiani. Kituo cha Pedregal ni maarufu katika fani yetu, na si kwa uzuri. Chembechembe ndizo zinazozidi kaskazini, kwenye viwanda. Nyumba ipangeni kwa kufuata shule, tafadhali.

Barakoa? Barakoa ni chandarua: mbu hapiti, harufu inapita, na ozoni ni gesi. N95 iliyomkaa mtoto vizuri inazuia chembechembe, na Mei 2019, moto wa misitu ulipofunika jiji hadi shule zikafungwa, ilikuwa na kazi yake. Kwa ozoni ya Aprili unamtesa mtoto bure.

Kinachosaidia ni saa. Msimu wa ozoni, mtoto akimbie kabla ya saa tano asubuhi, na kuanzia saa saba mchana hadi jioni akae ndani, madirisha yamefungwa. Ozoni ikiingia ndani inakufa ukutani na kwenye mapazia, kwa hiyo nyumba iliyofungwa inakinga kweli. Halafu msimu wa baridi geuza kila kitu: asubuhi hewa baridi hukwama bondeni na chembechembe zake, kwa hiyo mpira uwe mchana. Asubuhi ya Krismasi na ya Mwaka Mpya, baada ya fataki, msitoke mapema kabisa. Kuanzia Juni mvua za alasiri zinatufanyia usafi, pumueni.

Wiki za kwanza mtoto akiumwa kichwa au akitoka damu puani, usikimbilie kulaumu hewa chafu. Tuko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu. Aliyetoka Nairobi ameshazoea kidogo, aliyetoka Tanga ataona tofauti. Mwenye pumu ni habari nyingine: kifua kinaweza kubana siku moja au mbili baada ya siku mbaya, kwa hiyo inhela isitoke kwenye begi kwa sababu leo rangi ya programu ni kijani.

Kuhusu rangi hizo: ya ozoni ni ya saa iliyopita, lakini ya chembechembe ni wastani wa saa kumi na mbili uliopewa uzito, hivyo moshi ukiwasili ghafla pua yako itajua kabla ya simu. Rangi ya chungwa, yaani hewa mbaya lakini bado si nyekundu, ndiyo inayonitatiza. Vitabu vinasema watoto wapunguze mazoezi makali, lakini mtoto anayekaa kitako msimu mzima naye ana madhara yake. Wangu namruhusu acheze asubuhi. Mwenzangu kazini wake hamruhusu, na tumesoma makala zile zile.

La mwisho, maana mmeanza kutumiana picha zake: kichuja hewa cha HEPA ni kizuri kwa chembechembe, kwa ozoni kinahitaji tabaka la mkaa. Lakini kile kidude kinachotangazwa kwamba "kinasafisha hewa kwa ozoni" kinatengeneza ozoni, chumbani, mtoto akiwa amelala. Kirudisheni dukani na risiti.