Kabla Mhudumu Hajabofya "Unda Mpya"

Mwenye duka akiniita nikague programu yake ya mauzo, siombi ripoti kwanza. Naomba kiti nyuma ya mhudumu wa kaunta nimtazame akiandika oda. Anafika kwenye kisanduku cha mteja, anachapa herufi mbili tatu, orodha inashuka, anachagua jina na kuendelea. Jina lisipotokea, chini ya orodha pana kitufe cha kuunda mteja mpya, na foleni ikiwa imefika mlangoni kitufe hicho hakisubiri. Mwisho wa mwezi mteja mmoja ana akaunti tatu: deni liko hapa, malipo yako kule, na mtu anapigiwa simu kudaiwa pesa alizokwisha kutuma kwa M-Pesa.

Lawama humwangukia mhudumu. Kwa maoni yangu, mara nyingi kosa liko kwenye namna kisanduku kilivyofundishwa kutafuta.

Kisanduku cha maelezo ya oda huhifadhi maneno unayoyachapa. Cha mteja hakifanyi hivyo: kinachohifadhiwa ni kiungo cha kwenda kwenye rekodi iliyo katika jedwali jingine, na herufi zako ni swali tu kwa hifadhidata. Programu za biashara hukipa majina tofauti: Odoo hukiita Many2one, ERPNext hukiita Link, Salesforce hukiita Lookup. Swali la msingi ni moja kwa zote: herufi hizo zinalinganishwa na nini?

Kuna programu zinazolinganisha mwanzo wa jina tu. Dynamics 365 ya Microsoft kwa kawaida huanza hivyo, na ukitaka itafute katikati ya neno unatanguliza alama ya nyota. Kwa Kisumu hii ni taabu. Otieno, Ochieng, Onyango, Odhiambo, Okoth: ukichapa O umeita nusu ya mji, na ukichapa A umeita dada zao. Isitoshe, mhudumu mmoja huandika jina la ubatizo kwanza na mwenzake huanza na la ukoo. Kutafuta popote ndani ya jina kunaondoa tatizo hilo, ila kuna gharama yake. Faharasa ya kawaida ya hifadhidata imepangwa kama kamusi: inakusaidia ukiwa na herufi ya kwanza, lakini ukiitaka ioneshe maneno yote yenye "eke" katikati, italazimika kupitia kurasa zote. Duka lenye wateja elfu chache halitahisi tofauti. Msambazaji wa mbolea anayehudumia Bungoma, Kakamega na Busia ataihisi, na hapo natumia kiendelezi cha hifadhidata ya PostgreSQL kiitwacho pg_trgm. Hukikata kila jina vipande vya herufi tatu tatu, hivi kwamba Wekesa anapatikana kwa "wek", "eke", "kes" na "esa". Aliyekosea akachapa Wekeza bado anagusa vipande vya mwanzo, na jina sahihi linajitokeza.

Wapo wanaonishauri nitumie Soundex, ile mbinu ya kupanga majina kwa sauti iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Siitumii. Iliundwa kwa majina ya Kiingereza na huishikilia herufi ya kwanza bila kuilegeza. Chepkoech inapewa msimbo C122 na Jepkoech inapewa J122, ilhali yeyote aliyeuza mbegu Nandi au Nakuru anajua kwamba mtu yule yule anaweza kuandikwa Chep leo na Jep kesho.

Tatizo linaloniudhi kuliko yote ni ritifaa. Ng'ang'a, Ng'eno, Achieng'. Kibodi ya kompyuta hutoa ritifaa iliyonyooka. Baadhi ya simu huibadilisha zenyewe kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa hifadhidata ni herufi mbili tofauti kabisa, kwa hiyo mteja aliyesajiliwa na wakala kwa simu huko Molo haonekani kwenye kompyuta ya dukani Nakuru. Kuwahimiza wahudumu waandike vizuri hakusaidii. Naongeza kisanduku kilichofichwa ambamo programu yenyewe inaweka nakala ya jina iliyosafishwa: herufi ndogo tupu, bila ritifaa, bila vistari, bila nafasi mbilimbili, na ũ ya Wanjikũ ikiwa imegeuzwa u. Anachochapa mhudumu nacho kinasafishwa vivyo hivyo kabla ya kulinganishwa. Jina linaloonekana kwenye ankara linabaki kama mwenyewe alivyoliandika.

Halafu kuna simu. Mteja wa kaunta akiulizwa, hutaja nambari upesi kuliko anavyoeleza tahajia ya jina lake. Lakini Odoo, isipoguswa, katika kisanduku cha mteja hutafuta kwa jina, barua pepe, rejea na nambari ya kodi, si kwa simu; lazima uiongeze. Katika ERPNext hakikisha imo kwenye orodha ya sehemu za kutafutia; isipokuwemo, kuiongeza ni kazi ya dakika chache. Kabla ya hapo, nambari zote ziwe na umbo moja. Zimo zilizoanza na 07, zimo za 2547, zimo zenye alama ya kujumlisha na nafasi katikati. Nahifadhi +254 na tarakimu tisa, kisha nalinganisha tarakimu za mwisho. Na tafadhali, usiweke kanuni inayodai kila nambari ianze na 07. Laini za 01 ziko mikononi mwa watu siku nyingi.

Katika orodha inayoshuka, jina peke yake halitoshi. Otieno wa Kondele na Otieno wa Ahero waonekane hivyo, pamoja na tarakimu tatu au nne za mwisho za simu. Nambari nzima siioneshi, maana skrini za kaunta nyingi zinaonekana na aliye nyuma kwenye foleni, na Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuandikwa kwa ajili ya benki peke yake.

Orodha ikija tupu, msichukulie kwamba mteja hayupo. Huenda rekodi yake imewekwa kwenye kumbukumbu za zamani. Huenda kisanduku kina kichujio kinachoonesha wateja wa tawi moja tu, au mhudumu hana ruhusa ya kuona wa mwenzake. Programu hutoa jibu lile lile kwa hali zote, na hivyo mteja wa Kisumu anaandikishwa upya Kakamega. Dawa ni ukaguzi unaofanywa na programu yenyewe wakati wa kuhifadhi, ukivuka mipaka ya matawi na kusema tu: nambari hii ipo, muulize msimamizi.

Onyo hilo lisiwe zuio. Mume na mke hutumia simu moja, chama kizima cha wakulima kinaweza kujisajili kwa simu ya mweka hazina. Kampuni nazizuia zisirudiwe kwa kutumia PIN ya KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), yenye herufi mwanzoni, tarakimu tisa na herufi mwishoni, lakini mnunuzi wa misumari hawezi kudaiwa PIN. Kitufe cha kuunda haraka kwa jina tupu nakizima kabisa; anayetaka mteja mpya afunguliwe fomu kamili.

Bidhaa nazo zina ugonjwa huo huo: mhudumu anachapa "mabati", mfumo unajua jina la kiwandani tu. Ongeza majina ya mtaani, basi.

Rekodi zilizokwisha kurudiwa huziunganishi kwanza. Rekebisha utafutaji, ndipo uunganishe, ukianzia kwa wenye madeni, la sivyo zitaota tena wiki ile ile. Tahajia zote za zamani ziweke kwenye kisanduku cha majina mengine nacho kitafutwe, kwa sababu vidole vya wahudumu vimekwisha kuzizoea.