Joto la mikroemulsheni: ondoa kwanza joto la ethanoli

Mtu akinionyesha grafu ya kalorimita, yaani kifaa cha kupima joto, na kuniambia mikroemulsheni yake (mchanganyiko thabiti wa mafuta na maji wenye matone madogo mno) imetoa joto, swali langu la kwanza huwa: joto la ethanoli umeliondoa?

Chukua siklosporini, dawa inayozuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa. Maji na dawa hii haviivani. Neoral, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huibeba ndani ya mchanganyiko wa mafuta ya mahindi yaliyorekebishwa, safaktanti (kemikali kama sabuni, inayopatanisha mafuta na maji) itokanayo na mafuta ya mbarika, propilini glaikoli na ethanoli. Ukifika kwenye maji ya tumboni, mchanganyiko huo hujigawa wenyewe kuwa matone madogo mno. Lakini ethanoli na propilini glaikoli hutoa joto zikikutana na maji hata pasipo mafuta, na joto hilo linaweza kulifunika kabisa lile tunalolitafuta, la kuundwa kwa matone.

Nalo ni dogo kweli. Mililita 1 ya mafuta ikivunjwa kuwa matone ya kipenyo cha nanomita 20, uso wake wote hufikia mita za mraba 300, karibu viwanja viwili vya mpira wa wavu. Kwa mvutano wa kawaida kwenye mpaka wa mafuta na maji, takriban milinyutoni 50 kwa mita, kuutengeneza uso huo kunadai juli 15. Safaktanti ikiushusha mvutano hadi milinyutoni 0.01, gharama inabaki milijuli 3 tu. Hapo mtawanyiko wa matone, yaani entropi, unatosha kuilipa.

Ndiyo maana sikubali hoja kwamba joto likitoka basi mfumo ni thabiti. SDS, safaktanti ya maabara, huunda miseli, yaani vikundi vidogo vya molekuli zake, kwenye nyuzijoto 25 hivi huku badiliko la joto likikaribia sifuri. Joto peke yake halitoi hukumu.

Kalorimita ya titresheni ina seli mbili, moja ya sampuli na nyingine ya rejea. Sindano hudondosha mikrolita chache kila mara, na mashine hurekodi nguvu ya umeme inayohitajika ili seli zibaki na jotoridi moja. Ondoa hewa kwenye vimiminika kwanza, maana kiputo kimoja huharibu mstari wote wa msingi. Mdondosho wa kwanza usiuhesabu. Ncha ya sindano huwa imeshavujisha kidogo wakati mashine ikitulia.

Kwa dawa ya kumeza, pima kwenye nyuzijoto 37. Rudia bila mafuta, kisha bila safaktanti, halafu toa joto la vipimo hivyo kwenye lile la mchanganyiko kamili. Jibu litakuwa la makadirio, kwa kuwa sehemu ya ethanoli hukaa kwenye ngozi ya tone. Ukiona mkunjo wa ghafla kwenye grafu kadiri maji yanavyozidi, uchunguze kwa makini: huenda safaktanti inayahama matone, na dawa iko karibu kuganda. Ukubwa wa matone kalorimita haiuoni, kwa hiyo sampuli hiyohiyo ipeleke pia kwenye kipimo cha mtawanyo wa mwanga.