Kinga nene haiponyi uvimbe wa muundi wa farasi

Wafugaji wengi huamini kwamba farasi mwenye uvimbe mgumu kando ya muundi anahitaji kinga nene ya mguu, yaani kifuniko kinachofungwa kuzunguka muundi, tena ifungwe kwa nguvu, ili uvimbe upungue. Wazo hilo linatokana na huruma, na linaeleweka.

Lakini tuangalie uvimbe unakotoka. Kila upande wa mfupa mkuu wa muundi kuna kijifupa chembamba kilichoshikiliwa na kano. Kano hizo zikivutika kupita kiasi, hasa kwa farasi kijana anayefanyishwa kazi kwenye ardhi ngumu, mfupa mpya huota hapo. Kinga haizuii mvutano huo. Inachozuia ni pigo la kwato ya mguu wa pili, ndiyo maana gamba lake gumu lenye bitana laini linapaswa kukaa upande wa ndani wa mguu, ambako uvimbe huu hutokea zaidi. Kinga ikibana, hukandamiza panapouma na kutunza joto.

Baada ya mazoezi, ivue upitishe kiganja miguu yote miwili, ulinganishe. Joto, manyoya yaliyosuguliwa, au farasi kushtuka ukimgusa: hapo kinga haimfai, au mguu bado haujatulia. Akichechemea, mpumzishe umwite daktari wa mifugo.