Ukinitumia wimbo wa dansi, nitumie na upande wa pili

Kila nikikaa na vijana wanaopenda muziki wa zamani, swali ni lile lile: "Mzee, tutajie albamu zako kumi bora za zilipendwa." Nyimbo kumi nitawapa hapo hapo. Albamu kumi siwezi kuzitaja bila kudanganya, kwa sababu dansi la Tanzania na Kenya la miaka ya sitini mpaka themanini halikutungwa kwa albamu, na mpenzi wake wa wakati ule wala hakulisikiliza kwa albamu. Alinunua santuri ndogo ya inchi 7, au alikaa karibu na redio na kaseti tupu akisubiri wimbo wake upigwe.

Kazi yangu ni kuhamisha muziki kutoka kwenye santuri na kanda kuuingiza kwenye kompyuta. Watu wananiletea mizigo ya marehemu baba zao, wengine wananitumia mafaili kwenye simu wakiomba niyasafishe. Kutokana na kazi hii nina lalamiko moja kwa wapenzi wenzangu: nyimbo tunazopeana kwa mapenzi makubwa namna hii, nyingi ni nusu.

Chukua santuri ya kawaida ya Nairobi ya miaka ya sabini. Inazunguka mara 45 kwa dakika, na kila upande unabeba dakika nne, tano ukiibana sana. Ukilazimisha muda zaidi, mifereji inabidi isogeleane na sauti inapungua. Wimbo wa dansi, kwa upande wake, ukipigwa ukumbini ulikuwa unakwenda dakika nane, kumi, hata zaidi watu wakiwa wamechangamka. Basi wenye lebo wakaukata vipande viwili: upande A sehemu ya kwanza, upande B sehemu ya pili. Mwisho wa upande A fundi anashusha sauti taratibu wakati bendi bado inapiga. Unageuza santuri, sauti inapanda, na mara nyingi unakuta wanabendi wako pale pale ulipowaacha au hatua chache nyuma.

Sasa sikiliza kilichomo humo. Upande A ndio wa mashairi: kisa kinaelezwa, mke kaondoka, rafiki kasaliti, mtunzi anaomba radhi, kiitikio kinarudi. Upande B maneno yanapungua na bendi inachemka. Gitaa la solo linatoka mbele, rizimu inabadilisha mwendo, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, na waimbaji wanabaki kuita jina la mtindo wao. Hapo ndipo Western Jazz walipokuwa Saboso, Tabora Jazz wakawa Segere Matata, Atomic wa Tanga wakawa Kiweka. Mtu aliyesikia upande A peke yake amesikia hadithi. Bendi hajaisikia.

Mfano ninaoupenda ni "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ile bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 baada ya wanamuziki kadhaa kujitoa Simba Wanyika. Kila mtu anaujua ule mwanzo na kila mtu anaimba kiitikio harusini. Lakini subiri maneno yaishe. Humsikii mpuliza tarumbeta hata mmoja. Kuna besi ya Tommy Malanga ambayo haina haraka ya kujaza kila pengo, inadondosha noti zake na kunyamaza. Kuna rizimu ya Omari Shabani, ambaye watu walimwita Profesa, anarudia kifungu kimoja bila kuchoka, na mkono wake ndio unaobeba wimbo mzima. Juu yao solo linapita jepesi. Weka spika za masikioni, usifuate mwimbaji, mfuate Omari peke yake dakika mbili tu. Ukirudi kwenye mafaili ya dakika nne yanayozunguka kwenye simu, utakuta hayo yote yamekatwa pale utamu unapoanza.

Kwa nini yamekatwa? Mara nyingi hakuna ubaya wowote. Mtu alihamisha santuri akasahau kuigeuza. Au alinunua santuri iliyopigwa sana upande mmoja, upande B una mikwaruzo. Au kaseti ilimwishia. Siku hizi video fupi za simu zinatafuna zaidi. Mwishoni mwa 2024 "Kasongo" ya Super Mazembe ilifufuka Kenya kwa sababu za kisiasa, kila mtu akawa anaucheza ule mwanzo. Nilifurahi kuona watoto wa shule wanamjua Mazembe, lakini wengi hawajui kwamba ule wimbo unaendelea.

Kuna nyimbo nyingine hazikupata hata bahati ya santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukapigwa hewani, na ili uwe santuri ilibidi uvuke kwenda Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukakaa hivyo mpaka 1983. Tazama sasa nini kilitokea ndani ya miaka hiyo. Mlimani Park ilianzishwa 1978. Sauti za Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule zilikutana jukwaa moja, huku Michael Enoch akipanga vyombo. Kwa masikio yangu hicho ndicho kipindi kitamu kuliko vyote katika dansi letu, na ndicho kipindi ambacho njia ya kwenda kiwandani ilikuwa imezibwa. "Neema" ya Chidumule watu waliipata redioni. Aliyetaka kubaki nayo aliirekodi mwenyewe nyumbani, na jirani akakohoa humo humo.

Ndiyo maana kaseti za nyumbani msizidharau. Ila zina ugonjwa wake: kasi. Kinasa sauti kilichokuwa kinatumia betri zilizochoka kilivuta utepe polepole wakati wa kurekodi. Ukiuweka utepe huo leo kwenye mashine nzima inayovuta kwa kasi yake halali, wimbo unakimbia na sauti zinapanda. Kasi ikizidi kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima umepanda nusu toni, na Bitchuka, ambaye sauti yake tayari iko juu, anageuka mtoto. Nimewahi kuletewa faili ambalo mwenyewe aliapa kwamba ni toleo adimu lililopigwa kwa haraka. Hakukuwa na toleo lolote, zilikuwa betri.

Kurekebisha si kazi ngumu, programu za bure zinafanya. Ugumu ni kujua uishie wapi. Usitegemee gitaa, kwa sababu bendi zetu hazikuwa zikikaza nyuzi kwa kipimo kimoja siku zote. Mimi natafuta mtangazaji. Kaseti nyingi za redioni zina maneno yake mawili matatu kabla wimbo haujaanza, na sauti ya mtu anayezungumza sikio halidanganyiki nayo kirahisi. Nikimrudisha mtangazaji kuwa mtu mzima, bendi nayo inarudi mahali pake. Kwa hiyo tafadhali, mnapokata nyimbo mziweke vizuri, msimkate mtangazaji.

Halafu kuna majina. Faili linaingia kwenye simu likiitwa AUD, tarehe, WA, tarakimu nne. Aliyelipokea analipa jina analolidhania, anamtumia mwenzake, na baada ya mikono mitano uongo umeshakuwa historia. "Sina Makosa" inatembea na jina la Simba Wanyika. "Shauri Yako" ndiyo balaa, kwa sababu kweli ziko mbili: kuna ya Nguashi Ntimbo na Festival du Zaire, kuna ya Super Mazembe, na watu wanabishana usiku kucha kila mmoja akiwa ameshika faili la mwenzake. "Charonyi ni Wasi" ya Maroon Commandos, bendi ya jeshi la Kenya, imeimbwa Kitaita, lakini nimeiona imeandikwa ni ya Kongo. Eti kwa kuwa aliyeipokea hakuelewa maneno!

Kwa dansi la Dar mambo yanakorogana zaidi. Bendi moja iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Kwenye simu yako hizo ni bendi nne. Wala usinitambie kwamba umetambua bendi kwa sauti ya mwimbaji. Gurumo alikuwa NUTA, akawa Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo. Bitchuka naye alizunguka hivyo hivyo. Sikiliza upande wa pili, pale mtindo unapotajwa. Wakiita Sikinde, ni Mlimani Park, ugomvi umekwisha. (Na wale wa Msondo wanaosoma hapa, najua mnachotaka kusema. Baba ya muziki, sawa, tumesikia.)

Mbaraka Mwinshehe anahitaji neno lake. Watu wakiulizwa albamu ya Mbaraka wanataja "Ukumbusho". Ule ni mfululizo ambao kampuni ya Polygram ya Kenya ilikusanya kutoka kwenye santuri zake ndogo, na Mbaraka mwenyewe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Mpangilio wa nyimbo mle si wake. Zisikilizeni kwa raha zenu, ila ukitaka kumfuata mtu huyu, panga kwa bendi: kwanza Morogoro Jazz, ile iliyokwenda Osaka kwenye maonyesho ya 1970, halafu Super Volcano aliyoiunda 1973. Ukizisikiliza kwa kufuatana utamsikia solo lake linavyozidi kujiamini, mpaka kwenye "Shida" haliulizi ruhusa kwa mtu.

Zipo albamu za kweli, nisije nikaonekana mkaidi. "Agwaya" ya Orchestra Makassy ilirekodiwa Nairobi 1982 kwa ajili ya kampuni ya Virgin ya Uingereza. Ni safi, magitaa yanang'aa, na hiyo unaweza kuisikiliza mwanzo mpaka mwisho. "Songs for the Poor Man" ya Remmy Ongala na Super Matimila, 1989, ilirekodiwa kwenye studio za Real World kule Uingereza, na "Kipenda Roho" iliyomo humo ninampa mtu yeyote, hata asiyejua neno la Kiswahili. Lakini nitasema ukweli: Remmy wa studio ya Uingereza amevaa suti. Anayemtaka Remmy wa Sinza, Dar, amtafute kwenye rekodi za nyumbani, ambako nyimbo zinakwenda mpaka zitakapochoka zenyewe. "Pepea" ya Simba Wanyika, iliyotoka Uholanzi 1992, naiweka kati ya hizo mbili.

Na zile nyimbo zilizokwama nyuma ya mpaka? Kampuni ya Buda ya Ufaransa ina mfululizo unaoitwa "Zanzibara", ulioanza 2005 chini ya Werner Graebner. Namba 5, "Hot in Dar", inashika miaka 1978 hadi 1983, kipindi kile kile nilichokililia hapo juu. Ni mkusanyiko, si albamu, lakini sauti imetunzwa na majina yamenyooka. Mkiwa na fedha ya kununua kitu kimoja, nunueni hicho.

Taarabu nimeiacha kusudi, maana taratibu zake za kupeana ni nyingine. Kule tatizo la kukata lilianza mapema zaidi: Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, upande wa santuri ulikuwa unabeba dakika tatu hivi, na taarabu ya dakika tatu ni salamu tu. Raha ya baadaye iko kwenye kaseti za harusi za Mombasa. Kwenye harusi Juma Bhalo hakubanwa na santuri ya mtu, na kaseti zile zinakupa ukumbi mzima, vigelegele vikiwemo. Humo kukatakata ni dhambi. Lakini pia angalia unamtumia nani. Wimbo wa dansi ukiutupa kwenye kundi la familia, watu watacheza. Wimbo wa taarabu ukiutupa pale saa tano usiku bila maelezo, shemeji mmoja atajiuliza umemlenga yeye, na kesho utaitwa ujieleze. Andika kabisa: huu ni wa Shakila, nimeupenda kwa ajili ya vinanda, sina neno na mtu.

Kwa wanaotaka kunitumia, utaratibu wangu ni mwepesi. Tuma pande zote mbili kama mafaili mawili, usiziunganishe, nitaunganisha mwenyewe nikishasikia zinapokutana. Piga picha lebo ya santuri, pande zote, hata kama imechanika, kwa sababu jina la mtunzi liko pale kwa herufi ndogo na mara nyingi silo la mwimbaji. Usiisafishe sauti kwanza. Programu za kuondoa mikwaruzo zinaondoka na matoazi pia.

Sasa hivi natafuta santuri za Atomic Jazz ya Tanga, zozote zile, na hasa upande B. Nilizonazo zimepigwa na sindano butu mpaka solo limegeuka mchanga. Mwenye nayo nzuri siitaki iondoke kwake, nitakuja na mashine yangu, kahawa nitanunua mimi.