Je, wajua kwa nini filamu moja hupewa diski ya heshima na nyingine hubaki kwenye flashi?

Jumamosi moja nilikuwa nimesimama kwenye meza ya muuza filamu karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi. (Wasomaji wa Nairobi wasishtuke, Kenya ni komini yetu.) Meza yenyewe ni ubao uliolazwa juu ya makreti mawili ya bia. Diski zimepangwa ndani ya vimfuko vya plastiki, na pembeni kuna kompyuta ndogo ya kujazia watu flashi. Akaja kijana mwenye begi la chuo, akauliza: "Yaya, ile filamu ya Baloji, itatoka lini kwa diski ya kweli?" Muuzaji hakuinua hata kichwa. "Ya kweli njo gani? Hii haionekane?"

Nilicheka, lakini swali la kijana lilinifuata mpaka nyumbani. Alichokuwa anakitaka nakijua. Ni ile diski ambayo picha yake imesafishwa hadi unaona jasho kwenye paji la uso, jalada limechorwa upya, ndani kuna kijitabu cha kusoma na mazungumzo na mwongozaji, na mgongoni kuna namba kama kitabu cha maktaba. Kampuni iliyofanya biashara hiyo ijulikane dunia nzima ni Criterion Collection ya Marekani. Ilianza mwaka 1984 kwa diski kubwa za leza, zenye ukubwa wa santuri, na mbili za kwanza zilikuwa Citizen Kane na King Kong. Katika ile ya King Kong walimweka mtaalamu aongee juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho wakati picha inakwenda, jambo ambalo leo kila mtu huliona la kawaida. Siku hizi wako pia Arrow na BFI huko Uingereza, Carlotta huko Ufaransa, na wengine, lakini jina la Criterion ndilo linalotajwa kwanza.

Je, mtu anaweza kubashiri ni filamu gani ndogo, isiyo ya studio kubwa, itaingia humo? Anaweza, na bila uganga. Kosa la wengi ni kuanza na swali la uzuri: hii ni nzuri, kwa hiyo itachaguliwa. Mtu wa Lubumbashi hapaswi kukosea hivyo, maana tumezoea kununua viwanja. Unapita barabarani unaona ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu "Parcelle hii haiuzwi", na unaelewa mara moja kwamba ndani kuna watu wanaogombana. Hata nyumba iwe na vigae na bustani, unauliza kwanza: karatasi ziko kwa nani? Filamu nayo ina karatasi zake. Huuzwa nchi kwa nchi, kama shamba lililokatwa vipande, na aliyenunua kipande cha Marekani ndiye mwenye neno la mwisho juu ya diski ya Marekani. Mwongozaji mwenyewe mara nyingi hana tena la kusema.

Tazama tuzo moja, ile kubwa ya Cannes, Palme d'Or. Wote walioipata walionekana bora na majaji wa tamasha lile lile. Mwaka 2013 alishinda Blue Is the Warmest Color, mwaka 2015 Dheepan, mwaka 2016 I, Daniel Blake. Zote tatu Marekani zilichukuliwa na IFC, kampuni iliyokuwa na mapatano ya muda mrefu na Criterion, na zote tatu zikatoka Criterion: 2014, 2017, 2018. Halafu mwaka 2017 ikashinda The Square, na 2018 Shoplifters. Hizi zilinunuliwa na Magnolia, ambao wana diski zao wenyewe, basi zikatoka kwa Magnolia. Hakuna aliyesema zimepungua ubora. Ni mlango tu uliobadilika.

Kisha ikaingia kampuni nyingine inayonunua filamu, Neon. Parasite ilishinda mwaka 2019, Triangle of Sadness mwaka 2022, Anatomy of a Fall mwaka 2023, Anora mwaka 2024, zote za Neon kwa Marekani, na zote zikapata namba ya Criterion. Anora haikungoja hata mwaka mzima: ilishinda Mei 2024, diski ikatoka Aprili 2025. Lakini usifanye hiyo kuwa sheria ya Musa. Titane, mshindi wa 2021, nayo ilikuwa ya Neon, na diski yake ya kwanza huko Marekani haikuwa ya Criterion. Karatasi hufungua mlango. Kuingia ni jambo jingine. Na kuna ambao mara nyingi huufunga kwa makusudi. Kampuni ya filamu A24, ambao kila kijana mpenda filamu anawajua, wana duka lao na huuza humo diski zao zenye majalada ya fahari. Kwa nini wampe jirani mkate waliouoka wenyewe?

Karatasi hizo pia zina mwisho, kama nyumba ya kupanga. Filamu iliyopewa namba 1 katika DVD za Criterion ni La Grande Illusion ya Jean Renoir, ya mwaka 1937. Mwaka 2010 muda wa mkataba ulikwisha, wenye haki, Studiocanal ya Ufaransa, wakazipeleka kwa Lionsgate, na namba 1 ikatoka sokoni pamoja na nyingine kadhaa. Mwenye nyumba akitaka nyumba yake, hata mpangaji wa kwanza anafunga virago.

Kuna mlango mwingine, na huu unatuhusu sisi Waafrika kuliko ule wa Cannes. Hesabu nami. La Noire de... ya Ousmane Sembène ni ya mwaka 1966. Ilipata diski ya Criterion mwaka 2017. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty ni ya 1973. Ilipata mwaka 2013. Sambizanga ya Sarah Maldoror, ile ya mapambano ya Angola iliyopigwa ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville, ni ya 1972. Ilipata mwaka 2022. Hapo unazungumzia miaka 40 hadi 51 ya kungoja. Filamu hizo hazikubadilika kitu katika muda huo. Kilichobadilika ni kwamba mtu alitafuta negativu, yaani mkanda wa asili, akalipa, akaisafisha picha baada ya picha. Mtu huyo kwa sehemu kubwa ni mfuko wa mwongozaji Mmarekani Martin Scorsese, The Film Foundation, ambao mwaka 2007 ulianzisha mradi wa sinema ya dunia, na mwaka 2017 ukaungana na UNESCO na shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika, FEPACI, kwa lengo la kuokoa filamu 50 za bara letu. Kazi ya mikono hufanyika zaidi Bologna, Italia, kwenye maabara ya Cineteca.

Kwa hiyo anayetaka kubashiri filamu ya zamani ya Kiafrika asihangaike na orodha za wakosoaji. Atazame Bologna. Kila kiangazi mji ule una tamasha la filamu zilizofufuliwa, na Mei Cannes wana sehemu yao ya filamu za kale. Filamu ikionyeshwa hapo ikiwa imesafishwa, kazi ngumu na ya gharama imekwisha fanyika, na mwenye diski anakuja mezani chakula kimeiva. Filamu mpya hazina shida hiyo. Hata zikipigwa kwa mkanda, kama Anora, humaliziwa kwa dijitali, kopi safi ipo tangu siku ya kwanza, na hapo ndipo Anora ilipopatia mbio zake.

Ladha ya wachaguzi je, haina kazi? Inayo, lakini nayo husukumwa. Mwaka 2020 gazeti la New York Times lilihesabu orodha ya Criterion, filamu zaidi ya 1,000, likakuta waongozaji Wamarekani weusi ni wanne tu. Wenyewe wakakubali kwamba kuna pembe ambako macho yao hayakufika. Mwaka uliofuata zikatoka Deep Cover, Menace II Society na Love & Basketball, na 2022 Eve's Bayou. Filamu hizo zilikuwapo tangu miaka ya tisini; Love & Basketball ni ya 2000. Tena wanapenda kufuata mtu, siyo filamu moja. Wes Anderson akishatoa filamu, mashabiki huuliza ni lini, hawaulizi kama.

Wabashiri wenyewe, na kuna wanaoifanya kazi hiyo kama watu wanaocheza bahati nasibu, wana dalili zao. Karibu tarehe 15 ya kila mwezi kampuni hutangaza diski za miezi mitatu mbele, kwa hiyo tarehe 14 hawalali. Mwaka mpya hutolewa mchoro mmoja wa mafumbo, wanyama na vitu vya ajabu vimechanganywa, na kila kitu kinaficha filamu ya mwaka huo. Ni kama bibi anayetega kitendawili, wajukuu wote wanapiga kelele kwa pamoja. Dalili nyingine ni mwongozaji kupigwa video ndani ya kabati la diski la kampuni, akichagua anazozipenda. Hiyo mimi siiamini sana. Wengi wameingia kabatini wakatoka na mfuko umejaa, na filamu zao hazikuonekana.

Sasa turudi kwa kijana wa soko la Kenya. Baloji alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, akakulia Ubelgiji, akawa mwanamuziki kabla ya kushika kamera. (Usimchanganye na Sammy Baloji, msanii wa picha, ambaye naye ni mwana wa Lubumbashi wa mwaka huo huo 1978 na naye ametoa filamu. Na kwa jina hilo lenyewe, mtu wa Dar es Salaam atadhani ni watu wa ubalozi; sisi tunasikia walozi.) Filamu yake Augure inahusu mtu anayerudi nyumbani kutoka Ubelgiji akakuta ukoo bado unamwona mchawi. Mwaka 2023 ilipata tuzo ya sauti mpya kwenye sehemu ya Un Certain Regard huko Cannes, na Ubelgiji ikaipeleka kwenye Oscar. Marekani ilichukuliwa na Utopia, na hapo ndipo jibu langu linapolala: Utopia siyo Neon. Ningekuwa nabashiri kwa pesa zangu, nisingeweka dola kwenye Criterion kwa filamu hii ya kwanza. Ningeziweka kwenye filamu yake ya tatu, kama akifika huko na karatasi zikawa kwa mtu mwenye njia, kwa sababu wakishampokea mtu hurudi nyuma kuchukua za awali.

Mwongozaji mwingine wa Kongo, Dieudo Hamadi, nampenda zaidi, lakini nampa nafasi ndogo. Maman Colonelle, ya kanali wa polisi anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, ilichukua tuzo kubwa ya Cinéma du Réel huko Paris mwaka 2017. Lakini filamu za hali halisi huishi maisha mengine: huuzwa kwa vyuo vikuu na maktaba, mbali na meza za wakusanyaji wa majalada.

Bahati nasibu yangu ni La Vie est belle, ya mwaka 1987. Mmoja wa waongozaji wake wawili, Mwezé Ngangura, ni mzaliwa wa Bukavu, na mwaka 1999 alichukua Farasi wa Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la filamu za Afrika huko Ouagadougou, kwa filamu nyingine, Pièces d'identités. Ndani ya La Vie est belle yumo Papa Wemba akiigiza mwanamuziki anayetafuta jina Kinshasa. Ina ucheshi, ina nyimbo, na mgeni asiyejua Kongo anaifuata bila kufafanuliwa. Nyimbo hizo hizo ndizo shida pia, maana kila wimbo una mwenye wake, na ruhusa ya kuupiga sinemani siyo lazima iwe ruhusa ya kuuweka kwenye diski. Filamu ya kimya ingekuwa na karatasi chache zaidi.

Na hata ikitoka, ngoja nikuonye. Binamu yangu alikuja likizo akitoka Ubelgiji, akaniletea zawadi: Blu-ray iliyoagizwa Marekani, bado na nailoni yake. Bei ya kawaida ya diski kama hizo ni dola 39.95, pesa ambayo kwa wengi mtaani kwangu si ya kuchezea. Tukakaa watu saba sebuleni, mama ameleta karanga. Mashine ikaimeza diski, ikanguruma, kisha skrini ikaandika kwamba haiwezi kuichezesha katika eneo hili. Diski ilikuwa nzima, na mashine nayo. Blu-ray zimegawa dunia mafungu matatu: Marekani wako fungu A, Afrika na Ulaya tuko B. DVD nazo zina mgawo wake, ambao humo Kongo ni fungu la 5 na Marekani la 1. Zile za 4K peke yake hazina mipaka.

Binamu akatoa simu, akatafuta filamu ile ile, tukaiangalia kwenye kioo cha sentimita kumi na tano mpaka umeme ulipokatika, kisha tukaendelea na betri. Ile diski iko kabatini kwangu bado. Kijitabu chake nimekisoma mara tatu.